Wewe Utakuwa wa Nini?



Mwaka jana, likizo ndefu, niligombea udiwani kule kwetu Bomang'ombe. Nilipata kura tisa. Nasema mapema ili usije ukasoma makala hii hadi mwisho ukisubiri nikusimulie nilivyoapishwa. Sikufika hata kwenye karatasi ya kura ya Oktoba. Niliishia kwenye kura za maoni za chama changu, ambacho sitakitaja kwa sababu nitakayoyasema hapa yanavihusu vyama vyote.

Tangu nirudi chuoni, wana wananiita "Mheshimiwa". Nikipanga foleni ya chakula kantini, utasikia, "Mpisheni Mheshimiwa diwani!" Nacheka nao. Ila kuna swali moja niliulizwa sokoni ambalo mpaka leo sijalimaliza, na ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa asubuhi, siku ya tatu tangu nichukue fomu. Nimevaa shati jeupe la presentesheni, viatu nimepiga kiwi, ingawa kwa vumbi la Boma mwezi wa saba kiwi haifiki saa nne. Nikamfikia mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani vile?"

Nikamtajia babu yangu, aliyekuwa fundi cherehani karibu na stendi. Akanitazama upya.

"Ala! Umekuwa mkubwa hivi? Nasikia unasoma chuo Moshi. Haya, umekuja kununua au umekuja kuomba?"

Nikacheka, nikamwambia nimekuja kuomba. Nikamwaga sera. Nitashughulikia barabara za mitaani, nitaleta maji ya uhakika, nitahakikisha umeme haukatiki hovyo. Alinisikiliza huku anapanga mafungu ya nyanya. Nilipomaliza akasema, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, barabara ni ya TARURA. Maji yana mamlaka yake. Umeme ni TANESCO. Sasa wewe utakuwa wa nini?"

Nikasema kimoyomoyo, hapa nimepatikana. Nikajibu kitu kuhusu "kuwa daraja kati ya wananchi na serikali". Akanipa nyanya mbili, akaniambia, "Haya baba, Mungu akutangulie." Wewe uliyelelewa na mama wa Kichagga unajua maana ya kuagwa namna hiyo.

Niliondoka nimeudhika kidogo. Nilimwona amekata tamaa, hataki vijana. Ilinichukua wiki kadhaa, na kushindwa kwangu, kuelewa kwamba yule mama hakuwa ananibeza. Alikuwa ananiuliza swali ambalo mgombea yeyote wa udiwani anatakiwa aweze kulijibu kabla hajachukua fomu. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimesoma kozi mbili zinazogusa utawala, na sikuwa na jibu.

Hoja yangu ni hii: wengi wetu tunaotaka kuingia kwenye siasa tunaijua nchi kuliko tunavyozijua kata zetu. Tunaweza kubishana usiku kucha kwenye korido za hosteli kuhusu Katiba, kuhusu deni la taifa, kuhusu nani atakuwa nani mwaka 2030. Ukimuuliza huyo huyo mjadili jina la mtendaji wa kata yake, anatoa simu aangalie. Kisha tukienda nyumbani kugombea tunaahidi vitu ambavyo diwani hana, na vile alivyonavyo hatuvitaji.

Tuanze na alivyopoteza, maana mama wa nyanya alikuwa sahihi. Zamani barabara za mitaa na vijijini zilikuwa za halmashauri. Mwaka 2017 zikapelekwa TARURA. Maji ya vijijini tangu 2019 yako chini ya RUWASA, na mijini zipo mamlaka za maji. Watu wa Boma wanaikumbuka hadithi hii vizuri, kwa sababu mji wetu uko chini, kwenye joto, na maji yake yanashuka kutoka juu, migombani. Mradi wa Uroki–Bomang'ombe ulijengwa kwa msaada wa Wajerumani, ukaendeshwa na bodi ya watumiaji maji wenyewe. Enzi hizo ukilalamikia maji ulikuwa unajua mlango wa kugonga. Kodi ya majengo nayo iliwahi kuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016 ikaenda TRA, na tangu 2021 unaikatwa ukinunua umeme wa LUKU. Na mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mwenye ofisi na watumishi, anateuliwa na Rais. Baraza la madiwani linakaa naye, linamhoji, lakini halikumwajiri.

Kwa hiyo kiti hiki kimepunguzwa miguu. Na si mara ya kwanza. Ukiwa mtu wa Kilimanjaro unapaswa kulijua hili, maana huku kwetu kupigia kura uongozi wa karibu hakukuanza na vyama vingi. Mwaka 1951 watu wa Uchaggani walimchagua kwa kura Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Mwaka 1960 wakapiga kura tena, wakaamua kwamba wanataka rais wa Wachagga wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na Solomon Eliufoo wa Machame, hapo juu yetu tu, akashika nafasi hiyo. Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kabisa, kazi zake zikachukuliwa na serikali kuu kupitia mikoa na wilaya. Huduma zikadorora, na sheria za mwaka 1982 ndizo zilizozirudisha. Leo Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inazitaja serikali za mitaa na kusema zipo ili madaraka yawafikie wananchi.

Nimeyasema hayo ili uone kwamba udiwani ulishawahi kuondoka na nchi ikalazimika kuurudisha. Kitu kisicho na maana hakirudishwi.

Sasa, umebaki na nini? Hapa ndipo nilipotakiwa kusoma kabla ya kupiga kiwi viatu.

Kwanza, sheria ndogo. Halmashauri ndiyo inayotunga sheria ndogo za ushuru na ada, kisha zinapata idhini ya Waziri. Yule mama wa nyanya analipa ushuru pale sokoni. Kati ya watu wote wenye vyeo wanaopita mbele ya meza yake, anayekaa kwenye kikao kinachoamua ushuru huo ni diwani. Sio mkuu wa wilaya. Mimi nilisimama mbele yake dakika kumi nikizungumzia nguzo za umeme, na ile karatasi ya ushuru ilikuwa chini ya mzani wake, naiona. Jibu la swali lake lilikuwa mezani kwake na sikulitambua.

Pili, asilimia kumi. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarejeshwa 2024. Mapato ya ndani yanapitia kwenye baraza, bajeti inapitia kwenye baraza. Pale Boma kuna vijana wa bodaboda, wa gereji, wa kuchomelea, wanaokaa njia panda ya kwenda Sanya Juu kutwa nzima. Niliwatembelea, nikapiga nao picha, nikawaambia "vijana tuamke". Sikumuuliza hata mmoja kama wana kikundi kilichosajiliwa, kama wanajua fomu ya maombi inapatikana wapi, kama wamewahi kukopa na imekuwaje. Mtu anayetaka udiwani kwa ajili ya vijana na hajauliza hayo, amekuja kupiga picha tu.

Tatu, Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu. Humo ndimo yanamozungumzwa madarasa, vyoo vya shule, zahanati, na michango ambayo wazazi wetu wanadaiwa. Nne, kuuliza. Baraza la madiwani linakutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu halmashauri zinachapishwa kila mwaka. Diwani anayeisoma ripoti na kuuliza kuhusu hoja ya ukurasa fulani ana nguvu kuliko anayepiga kelele za "wananchi wangu wanateseka".

Na hiyo barabara ya TARURA? Diwani haijengi, ni kweli. Lakini anaweza kumwita mhandisi mbele ya kikao akaeleza kwa nini kalavati limeziba tangu masika. Hilo ningeweza kumwambia yule mama. Ingekuwa ahadi ndogo, lakini ingekuwa ya kweli, na nadhani angeniongezea nyanya ya tatu.

Najua kuna msomaji anasema: acha nadharia, umeshindwa kwa sababu ya hela. Tuongee basi.

Ni kweli, hela ipo. Nilikuwa na akiba ya bumu na mchango wa mjomba. Nilidhani zitatosha kuchapisha vipeperushi na kuweka mafuta kwenye pikipiki ya rafiki yangu. Wiki ya kwanza tu nilifundishwa msamiati mpya. "Nauli." "Maji ya kunywa." "Si unajua wajumbe wametoka mbali." Mzee mmoja aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka, "Kijana wewe ni mzuri, ila mikono yako ni mikavu." Watu arobaini waliniahidi kura. Waliokumbuka ni tisa, na mmoja wa hao tisa ni mimi mwenyewe. Ule utani uliosambaa nchi nzima mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri, niliuelewa siku hiyo jioni, nimekaa kwenye benchi nje ya ukumbi.

Nchi hii imeshalijadili jambo hilo mahakamani. Kulikuwa na kitu kinaitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kikaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu vinambagua asiye na kitu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye karatasi tumemaliza. Kwenye benchi nje ya ukumbi hatujaanza.

Na ukikatwa na chama huna pa kwenda, kwa sababu sheria yetu inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Mahakama hiyo ipo Arusha, ukipanda basi Boma unaifuata barabara hiyo hiyo. Zaidi ya miaka kumi imepita, na mwaka jana bado kila mgombea udiwani alilazimika kupita mlango wa chama. Kama kuna jambo la kudai kama wanafunzi, na kudai kwa utulivu na kwa hoja, ni hili. Kwenye ngazi ya kata, ambako watu wanajuana kwa majina ya babu zao, sioni chama kinamsaidia nini mpiga kura kumjua mgombea.

Kuna pingamizi lingine, zito kuliko hela, na nitakuwa mnafiki nikiliruka. Baada ya 29 Oktoba 2025, ukimwambia kijana agombee chochote anakuangalia kama umechanganyikiwa. Chama kikuu cha upinzani hakikuwepo kwenye karatasi ya kura. Siku ya kura watu walipoteza maisha, mtandao ukazimwa, na wapo kati yetu waliokaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako salama au la. Rafiki yangu wa chumbani aliniambia, "Bora ulishindwa Agosti." Sina jibu la kumnyamazisha, na sitaki kumnyamazisha. Mwenye uchungu ana haki ya uchungu wake, na anayesusa uchaguzi ana sababu zake.

Ninachojua ni kwamba ushuru wa soko haususi. Ulitozwa kabla ya Oktoba, umetozwa baada ya Oktoba. Kikao cha baraza kinakaa ukiwepo usiwepo. Kwa hiyo hata ukiamua kwamba hugombei na hupigi kura mpaka mambo yanyooke, bado unaweza kufanya kile ambacho mimi sikukifanya: kuijua kata yako. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Kutoka hapa chuoni hadi makao makuu ya Halmashauri ya Hai ni Coaster moja kutoka stendi ya Moshi, unapita Weruweru, Kwa Sadala, umefika. Likizo ya Krismasi nilijiuliza: ni mara ngapi nimeshawahi kwenda kusikiliza? Hata mara moja. Nilitaka kukalia kiti ambacho sikuwahi kukiona.

Napendekeza mambo matatu, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Moja: kila mmoja wetu, likizo ijayo, ahudhurie mkutano mmoja wa kijiji, mtaa au kitongoji chake, au kikao kimoja cha baraza. Asiende kuhutubia. Akae nyuma, aandike. Akirudi aweze kutaja diwani wake, mtendaji wake, na kitu kimoja wanachobishania.

Mbili: serikali yetu ya wanafunzi iache kutufundisha siasa za ubunge peke yake. Angalieni kampeni zetu za urais wa chuo: misafara, mabango, ahadi za kuongeza bumu, kana kwamba rais wa wanafunzi ndiye Bodi ya Mikopo. Ni ugonjwa ule ule nilioupeleka Boma. Tuwe na mdahalo ambao kila mgombea anaulizwa swali moja la mama wa nyanya: cheo hiki kina mamlaka gani, na wewe utayafanyia nini? Asiyejua arudi akasome kwanza.

Tatu: tunaotaka kugombea 2030 tuanze sasa hivi, na tusianzie na fomu. Sheria inamtaka mgombea udiwani awe amefikisha miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Karibu sote humu tunafaulu. Kinachotupungukia hakimo kwenye sheria. Aliyenishinda kwenye kura za maoni alitumia hela, sawa, siwezi kukataa. Lakini pia amezika watu wa kata ile kwa miaka ishirini. Amekaa kwenye kamati ya shule, amesuluhisha kesi za mipaka ya mashamba, anajua mzee gani hasalimiani na nani. Hata tungeondoa hela yote siku ile, sina uhakika ningemshinda. Hilo ndilo linalouma kuliko hesabu ya kura tisa.

Desemba nilipoenda nyumbani, wakati barabara imejaa magari ya watu wa Dar wanaorudi migombani, nilipita sokoni. Sikuvaa shati jeupe. Nilimkuta yule mama pale pale. Nikamsalimia, nikanunua nyanya za elfu moja, safari hii kwa hela. Kisha nikamuuliza ushuru analipa kiasi gani, tangu lini umekuwa hivyo, na kama aliwahi kuitwa kwenye kikao chochote kabla haujapangwa.

Aliacha kupanga mafungu. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaniambia, "Kaa hapo nikueleze."

Nilikaa karibu saa nzima. Nimeandika kurasa nne za daftari, na bado hajamaliza.